Chaja Kutoka Kapsabet

Kipchumba alikuwa amekataa kukaa. Askari wa zamu alimwonyesha kiti, akamwonyesha tena, mwisho akamwacha asimame hapo hapo na sare yake ya uuguzi iliyokunjamana kwa shifti ya usiku. Kila mlango ulipofunguka aligeuka. Alikuwa ameshaambiwa aende nyumbani: binti ni mtu mzima, ameandika mwenyewe kwamba yuko salama, basi asubiri. Naye alijibu kila mara, kwa upole ule ule, kwamba hataondoka. Ubishi wa adabu namna hiyo huwachosha polisi kuliko matusi, ndiyo maana wakampigia Hamdi simu ashuke.

Hamdi Tahlil alikuwa mpelelezi wa kike, na ndiye pekee kituoni aliyejua Kiswahili. Alizaliwa Garissa, akalelewa Eastleigh kule Nairobi, akapitia Rotterdam kabla familia yake haijatua Birmingham. Na kwa sababu hiyo kila Mwafrika aliyefika kituoni akilia alitupiwa yeye, awe Mkongo, awe Mhabeshi. Alishazoea. Aliteremka ngazi na kikombe chake cha chai, akamtazama Kipchumba mara moja tu, akampa kile kikombe bila kumuuliza kama anataka.

"Kunywa kwanza. Halafu nieleze polepole, kama unamweleza mtu asiyejua lolote."

"Afande, ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Anaitwa Jelagat. Amekuja kusoma chuo kikuu, amefika leo asubuhi. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mimi nilikuwa zamu kule hospitali, Harborne, sikupata ruhusa ya kutoka. Shem akasema atampokea. Shem ni dereva wa teksi, tunasali naye. Anasema alifika uwanja wa ndege mapema, akangoja sana, hakumkuta. Halafu ikaingia hii."

Alisukuma simu mbele. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Jelagat mwenyewe:

*Kaka nimefika salama. Nimepata wasichana wa chuo wamenikaribisha kwao. Simu inazima na chaja yangu ya nyumbani haiingii kwenye soketi za huku. Usiwe na wasiwasi nitakutafuta.*

"Tangu hapo simu imezimwa," Kipchumba alisema. "Na hayo si maneno yake. Sisi tukiandikiana ni Kinandi. Nimewaambia wenzako, wakasema watu hubadilika wakifika Ulaya. Afande, mtu hubadilika kabla hajatoka uwanja wa ndege?"

Hamdi aliusoma ujumbe tena, na safari hii jicho lake likakwama katikati.

"Una chaja hapo?"

Kipchumba alipapasa begani, akaitoa kwenye mkoba.

"Uliinunua wapi?"

"Hii ya zamani? Nilikuja nayo kutoka nyumbani, Kapsabet."

Hamdi aliinama, akaichomeka ukutani chini ya bango la kuzuia wizi wa baiskeli. Zile pini tatu bapa ziliingia zote, na simu ya Kipchumba ikawaka kuonyesha kwamba inachaji. Mwanamume yule aliitazama kama anayeiona leo, ingawa ameichomeka kila siku tangu ahamie nchi hii. Ndivyo tulivyo. Kinachotukubali bila shida hatukioni.

"Soketi za Kenya na za hapa ni moja," Hamdi alisema. "Waingereza walituachia. Chaja kutoka Kapsabet inaingia Birmingham bila kusukumwa. Jelagat angeijaribu angejua, na asingeijaribu asingeandika. Kwa hiyo hakuandika yeye."

"Basi ni Mzungu?"

"Mzungu gani anaandika Kiswahili hicho?"

Hilo ndilo lililomsumbua. Aliyeandika alikuwa mtu wao. Lakini mtu wao gani asiyejua jambo hili? Hamdi alikumbuka familia yake ilivyofika kutoka Rotterdam: mama yake ameshika waya wa pasi jikoni, pini mbili za duara zinaning'inia mbele ya ukuta usiozitaka. Siku ya kwanza ugenini haimtoki mtu. Aliyeandika ujumbe ule alikuwa ametunga kwa kumbukumbu zake mwenyewe, na siku yake ya kwanza ugenini hakuifikia Uingereza. Aliifikia Ulaya bara, kwenye vitundu viwili vya duara.

"Nani alijua anakuja leo?"

Kipchumba aliinamisha kichwa. "Watu wote. Niliweka kwenye grupu ya kanisa. Picha yake, ndege yake, saa ya kutua. Nilikuwa naomba koti la baridi, kama kuna mwenye la ziada. Kila mgeni akija tunafanya hivyo, mmoja analeta koti, mwingine blanketi. Mimi mwenyewe nilipokelewa hivyo."

Hamdi hakuwa na la kumlaumu. Alimweleza Anish, mwenzake, yote aliyoyasikia, akamtuma uwanja wa ndege kuangalia kamera; baadaye Anish akapiga simu na habari. Msichana alionekana akitoka na sanduku lake, akasimama karibu na mlango, amejikumbatia kwa baridi. Mwanamke mmoja akamjia, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, barakoa usoni, mkononi amebeba koti kubwa. Akamkumbatia. Akamvika lile koti na kumfungia vifungo kama mzazi. Kisha akanyoosha mkono, msichana akampa simu, wakaondoka wote kuelekea kwenye maegesho.

"Alimpa kwa hiari?" Hamdi aliuliza.

"Akitabasamu," Anish alisema. "Na kuna kingine. Yule dereva, Shem, alisema alifika mapema akangoja sana. Si kweli. Gari lake liliingia baada ya hao wawili kutoka, likageuza na kuondoka. Hata hakuteremka."

Basi Shem alikuwa amesema uongo, na mtu hasemi uongo bure siku ambayo msichana amepotea.

Anish aliporudi, yeye na Hamdi walimkuta Shem kwenye barabara ya maduka ya Harborne, amekaa ndani ya teksi yake akila viazi vya kukaanga. Alikuwa mnene, na sauti yake ya besi ilitikisa viti vya kanisa kila Jumapili. Alipoona kitambulisho cha polisi aliifunga ile karatasi ya viazi taratibu, na jasho likamtoka katika baridi ya Novemba.

"Nilifika mapema, dadangu," alisema. "Nikangoja, nikangoja."

"Kamera inasema vingine."

"Hizi kamera zao—"

"Kaka Shem, mficha uchi hazai. Kuna mtoto wa watu hajulikani aliko, na gari lako limeonekana likikimbia. Nikuchukulie vipi?"

Shem alifuta mikono kwenye suruali. Akatazama barabarani, ambako wauguzi waliotoka zamu walikuwa wakipanga foleni ya basi. Aliposema tena, besi yote ilikuwa imemtoka.

"Nilipata mteja. Hapa hapa Harborne. Nikasema nimpeleke tu haraka, halafu nikimbie uwanja wa ndege. Nikakuta foleni ya magari. Nilipofika nikachungulia, sikumwona, nikaogopa hata kuteremka. Ningemwambia nini Kipchumba? Kwamba nimemuuza dada yake kwa nauli ya mteja?" Alivuta pumzi. "Nikamwambia nilingoja."

"Nani mwingine alijua umechelewa?"

"Hakuna."

"Fikiri."

"Hakuna, madam. Labda Auntie Jemima, lakini yeye hahesabiki, ni mama wa kanisa. Alinipigia asubuhi akauliza nimefika wapi. Nikamwambia bado niko Harborne na mteja. Akasema nisijipe presha, ndege zenyewe huchelewa."

Hamdi aliuliza swali lililofuata kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepoteza muda.

"Wewe ulikuja huku kutoka wapi?"

"Kisumu."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, na godoro langu kama wangeniruhusu."

"Chaja yako ilikubali?"

"Kwani ingekataa kwa nini?"

"Na Jemima? Naye alikuja moja kwa moja?"

"Yule? Yule ni mtu wa Ujerumani," Shem alisema. "Amelea wazee huko miaka mingi kabla ya kuja hapa. Hata keki anazoleta Jumapili ni za Kijerumani." Kisha akamgeukia, maana hata mjinga huona moshi ukishamfikia puani. "Dadangu, unamaanisha Auntie Jemima?"

Hamdi alikuwa ameshafungua mlango wa gari la polisi.

Njiani kuelekea Alum Rock, mtaa wenye ofisi ya Jemima, aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba kwa ushujaa asiokuwa nao. Aliwahi kuwatafuta watu waliochukuliwa na wasiowajua, na hao angalau hupiga kelele, watu wakasikia. Aliyechukuliwa na mtu wa nyumbani huingia garini akitabasamu na kufunga mkanda mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa amevikwa hiyo nguo hadharani na kufungwa vifungo. Mwanga wa mchana ulikuwa unaanza kufifia. Anish aliendesha kimya, akijua mwenzake akinyamaza hivyo hataki kuongeleshwa.

Ofisi ya Jemima ilikuwa juu ya duka la nguo za harusi, katikati ya ile barabara ndefu ya Alum Rock yenye maduka yanayomwaga maboga na mikungu ya ndizi hadi njiani. Kibao mlangoni kilisema kwamba anatafutia wazee walezi wa nyumbani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso mpana wa ukarimu. Alimkumbatia Hamdi kabla hajajitambulisha.

"Karibu, binti yangu. Najua umekuja kwa ajili ya dada wa Kipchumba. Tangu nisikie sijaweza hata kumeza kitu."

Juu ya meza kulikuwa na sahani ya mifupa ya kuku. Hamdi aliiona, akakaa, akakubali chai. Anish alibaki mlangoni.

"Nimekwama, Auntie," Hamdi alisema. "Mimi nililetwa Ulaya nikiwa mtoto, nimeshikwa mkono. Sijui msichana mkubwa anayekuja peke yake anafikiri nini siku ya kwanza. Anaogopa nini, anamtafuta nani. Nikaona nije kwa mtu aliyepitia. Siku yako ya kwanza ilikuwaje?"

Hilo si swali ambalo mtu wa ughaibuni hulikataa. Utamuuliza mshahara wake akununie, utamuuliza umri adanganye, lakini muulize alivyofika siku ya kwanza na atavuta kiti. Jemima alivuta kiti.

"Ilikuwa Stuttgart," alisema. "Theluji mpaka magotini, na mimi na viatu vya wazi vya kwendea kanisani. Wifi yangu ndiye alikuwa anipokee. Hakuja. Nikakaa stesheni ya treni, kila mama mweusi akipita nasimama, nadhani ni yeye. Lugha sijui. Choo sijui kiko wapi. Mzee mmoja akanipa mkate, nikaogopa kuula."

"Pole sana, Auntie."

"Acha tu. Na nilichotaka ni kumpigia mama, nisikie sauti yake. Simu imekufa. Natoa chaja yangu niliyonunua Nakuru, mpya, naenda ukuta huu, naenda ukuta ule, haiingii. Wana vitundu viwili vya duara kama macho ya bundi. Nilikaa chini pale nikalia, watu wananiruka tu, na ile chaja mkononi, haii—"

Alikatiza maneno hapo. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, na ukarimu ukamtoka usoni taratibu, ukamwacha mwanamke mwingine kabisa aliyechoka.

Hamdi aliweka kikombe chini. "Hapa Birmingham ingeingia, Auntie."

Chini yao mtu alikuwa anabishania bei ya shela. Jemima alitazama dirishani, akatazama mkoba wake chini ya meza, na macho ya Hamdi yakafuata. Anish alisogea, akaufungua mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na simu mbili, moja yake, nyingine ina picha ya Kipchumba nyuma ya kava. Chini yake ilikuwepo pasipoti ya Kenya, mpya, muhuri wa kuingia Uingereza wa leo.

Hamdi akamwambia kwamba yuko chini ya ulinzi. Alimsomea haki zake kwa Kiingereza, kisha akazirudia kwa Kiswahili ili asije akasema hakuelewa.

"Sijamwumiza," Jemima alisema. "Nilimwambia anipe simu nikamtafutie laini ya huku. Nimempa koti, nimempa paa, nimempa kazi. Mimi nilipofika nani alinipa?"

"Yuko wapi?"

"Chuo kingemsubiri. Mimi nina mzee hawezi kunyanyuka, na mlezi wake—" Alijikatiza. "Nilikuwa na pengo. Nifanyeje?"

"Auntie, yuko wapi?"

"Shard End," alisema mwishowe. "Nitakuonyesha. Hajafungiwa, usinitazame hivyo. Mlango anaufunga yeye mwenyewe kwa ndani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za matofali za halmashauri, pembezoni kabisa mwa jiji, mapazia yote yamefungwa. Anish alibaki garini na Jemima. Hamdi aligonga, akagonga tena, akasikia nyayo zikija halafu zikasimama nyuma ya mlango. Aliinama kwenye tundu la barua.

"Jelagat? Naitwa Hamdi. Mimi ni polisi, lakini sikuja kukukamata."

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Siruhusiwi kufungua."

"Nani amekukataza?"

"Auntie. Amesema polisi wakinikuta nafanya kazi watanirudisha nyumbani leo leo." Sauti ilitetemeka. "Mama ameuza ng'ombe wote. Tafadhali, nenda."

Hamdi angeweza kumwita Anish auvunje mlango. Alijua pia kwamba msichana huyu angeukumbuka mlango ule ukivunjwa kwa maisha yake yote, maana ni leo, siku yake ya kwanza. Akatoa simu, akampigia Kipchumba, akaweka sauti juu na kuipitisha simu kwenye tundu.

"Jelagat," Kipchumba alisema, "chamgei," salamu ya kwao. Halafu akaendelea kwa Kinandi, ambacho Hamdi hakukijua hata neno. Alisikia tu mtu mzima akianza kwa utulivu, akaenda vizuri kidogo, kisha maneno yakamkatikia na akalia waziwazi. Upande wa ndani komeo likavutwa.

Jelagat alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye picha. Koti bado alikuwa nalo mwilini, mikono yake imekunjwa hadi kwenye viwiko, vidole vimelowa sabuni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishikishwa jembe kabla hajanawa uso wa safari. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuomba radhi.

"Samahani nimewachelewesha. Nilikuwa namwogesha mzee. Auntie alisema ni Kipchumba aliyepanga nije huku kwanza. Kaka anasema hajui chochote. Amekasirika?"

"Hajakasirika. Anakuja." Hamdi alimshika mabega na kumsikia akitetemeka ndani ya lile koti. "Hutarudishwa popote. Umedanganywa, hukuvunja sheria. Umekula?"

Jelagat alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile Hamdi akatamani chai yake mwenyewe.

Sebuleni kulikuwa na kitanda cha hospitali, na juu yake mzee Mwingereza aliyekonda, nywele zimechanwa vizuri zikiwa bado na maji. Aligeuza kichwa kwa shida.

"Ubah," aliita, kwa Kiingereza. "Ubah, ni nani huyo?"

"Ananiita hivyo tangu nifike," Jelagat alinong'ona. "Nimemwambia jina langu, halishiki. Nikimwambia mimi si Ubah, analia."

Hamdi alijua jina lile. Ni jina la Kisomali, la wasichana waliolelewa mitaa ile ile aliyolelewa yeye. Alisogea kitandani, akapiga goti ili mzee amwone.

"Ubah ni nani, babu?"

"Ni msichana wangu," mzee alisema. "Yeye hunilisha. Alishikwa na homa, akawa hawezi kusimama. Nilimwambia yule mama amwite daktari. Akaja yeye mwenyewe akamchukua." Macho yake yalihangaika kutoka kwa Hamdi hadi kwa Jelagat. "Alisema atamrudisha akipona. Amepona?"

Hamdi aliita kituo kwa redio, akawapa jina na kuwaomba waangalie watu wote walioripotiwa kupotea. Alisubiri amesimama katikati ya sebule. Jibu halikuchukua muda. Hakukuwa na Ubah yeyote aliyewahi kutafutwa na mtu.

Akatoka nje. Anish alikuwa ameegemea gari, amechoka kusikiliza. Jemima alikuwa akijitetea tangu Alum Rock bila kupumzika, kwamba amelisha wangapi, amevika wangapi, kanisa litamshuhudia. Hamdi alifungua mlango wa nyuma, akaketi kando yake.

"Jelagat yuko salama," alisema. "Sasa niambie, Auntie. Ubah yuko wapi?"

Jemima alifunga mdomo. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya mapaja, akatazama mbele.

"Nataka wakili," alisema.